Moshi wa mawese, kikohozi cha mtoto na majirani wanaosema "tumezoea"

*"Shikamoo daktari. Naishi Ujiji. Kati ya nyumba yetu na kiwanda kidogo cha kukamua mawese kuna njia ya bodaboda tu. Mashine inaunguruma tangu alfajiri, moshi unaingia ndani, na maji meusi yenye utando wa mafuta yanapita mtaro wazi kwenda bondeni upande wa mto Luiche. Mtoto wangu wa miaka mitatu anakohoa mara kwa mara, na mimi kichwa kinaniuma karibu kila siku. Mwaka huu mtaani kwetu wamefariki kina mama wawili kwa kansa, mmoja ya shingo ya kizazi, mwingine ya koo la chakula, na watu wanasema ni moshi na maji ya kiwanda. Wazee wanasema michikichi iko hapa tangu enzi na hajafa mtu kwa harufu ya mawese. Baba watoto anafanya kazi humo humo, nikisema anaona nataka kumkosesha riziki. Nani anasema kweli? Tuhame?"*

Marahaba, mama, na pole sana. Kulea mtoto anayekohoa huku ukibishana na mtaa mzima kuhusu chanzo chake ni mzigo mara mbili, na mara ya tatu kwako kwa kuwa mkate wa nyumbani unatoka hapo hapo.

Umeniuliza nani anasema kweli. Kila upande umeshika kipande cha ukweli, na ugomvi umekuja kwa sababu mambo manne tofauti yametiwa kapu moja: moshi, harufu, maji machafu na kansa. Kila moja lina njia yake ya kudhuru, na lina kiasi chake cha kuogopwa. Nitayatenganisha, kisha tuone la kufanya.

Kwanza niseme jambo linalowachanganya wakazi wengi wa karibu na viwanda, si Ujiji tu. Pua na macho ni mashahidi wazuri kwamba kuna kitu kinatoka. Ukisema unanusa na unaona moshi, mtu asikubishie. Lakini pua na macho havipimi ukubwa wa hatari. Pale Mombasa, kwenye mtaa wa Owino Uhuru, kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kupata risasi. Madini ya risasi yakishaingia kwenye udongo na damu hayana harufu wala rangi ya kumshtua mtu, na watoto wakawa wanayabeba mwilini. Wakazi walipigana miaka mingi mpaka mwaka 2020 mahakama ya mazingira ya Mombasa ikaamua walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, na kesi ikaendelea kwenye rufaa. Kile kilikuwa kitu kibaya sana kisichonuka. Kwa upande mwingine, yapo mambo yanayonuka hadi mtu akatapika, na sumu yake kwa mapafu ni ndogo. Kwa hiyo tusipange hatari kwa ukali wa harufu.

Tuanze na moshi, kwa sababu hapo ndipo ninapomwona mtoto wako.

Kukamua mawese kunataka moto mwingi. Chikichi huchemshwa kwenye mapipa ili zilainike, zinapondwa, zinakamuliwa, kisha mafuta huchemshwa tena na maji ili yajitenge na uchafu. Kuni, makapi ya ngazi (yaani chikichi zilizokamuliwa) na maganda ya mise, kokwa zake, ndiyo yanayowaka chini ya mapipa hayo. Kama vimekauka vizuri na moto unapata hewa ya kutosha, moshi ni mwepesi. Makapi mabichi yaliyorundikwa, au moto uliofunikwa usipumue, hutoa moshi mzito wa kijivu wenye chembechembe laini mno. Zile zinazotusumbua zina upana usiozidi mikroni 2.5, yaani kama moja ya thelathini ya unywele. Vumbi kubwa unaloliona juu ya meza hunaswa puani na kooni, nawe unalitema. Hizi laini hupita hadi mwisho wa mapafu, na nyingine huingia kwenye damu. Ndiyo maana kupitisha kitambaa cheupe juu ya meza, kama wengi wafanyavyo ili kuthibitisha uchafu, hakutoshi. Kitambaa kinaweza kubaki safi huku hewa ya chumbani imejaa kile hasa kinachodhuru.

Mtoto wa miaka mitatu anavuta hewa nyingi kuliko wewe ukilinganisha na uzito wake, na njia zake za hewa ni nyembamba. Uvimbe kidogo ambao kwako ungekuwa mwasho wa koo, kwake ni kikohozi na mbano wa kifua. Moshi wa kuni hulegeza pia ulinzi wa mapafu, hivyo mafua ya kawaida hugeuka nimonia kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo ndiyo, inawezekana kabisa moshi wa kiwanda unachangia kikohozi hicho. Wanaosema ni mawazo yako wanakosea.

Angalia na saa. Alfajiri, hewa ya chini huwa ya baridi na nzito, na juu yake hukaa tabaka la hewa yenye joto zaidi kama kifuniko. Moshi wa moto uliowashwa saa kumi na moja haupandi, unatambaa usawa wa madirisha. Jua likishapanda hewa huchanganyika na moshi hutawanyika. Ongeza upepo wa ziwani: mchana hutoka Tanganyika kuja nchi kavu, usiku hugeuka kutoka nchi kavu kwenda ziwani. Nyumba iliyo upande wa mashariki wa kiwanda hupata moshi wa mchana, ya magharibi hupata wa usiku na alfajiri. Ndiyo maana majirani wawili walio umbali sawa na kiwanda wanabishana, mmoja akiapa moshi unamuua na mwingine akisema hauoni. Wote wawili wanasema walichokiona.

Kuna swali ambalo sitalikwepa, hata kama halitakufurahisha: wewe unapikia nini, na wapi? Kama ni kuni au mkaa ndani ya chumba chenye dirisha dogo, mtoto anaweza kuwa anavuta moshi mwingi zaidi kutoka jikoni mwako kuliko kutoka ng'ambo ya njia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, vikiwamo vya watoto zaidi ya laki mbili walio chini ya miaka mitano. Sisemi hivi ili kukiondolea kiwanda lawama. Moshi wa sehemu mbili hujumlishwa kwenye mapafu yale yale, na wa jikoni ndio unaoweza kuupunguza wiki hii bila kuomba ruhusa ya mtu. Hamishia jiko barazani, mtoto asikae mgongoni wala miguuni ukiwa unakoleza moto, na kama uwezo unaruhusu mtungi mdogo wa gesi, hata kwa chai na uji tu, anza hapo.

Jambo moja ningependa ulichunguze kwa makini: je, wanachoma kitu kingine? Moshi mweusi tii wenye harufu ya mpira au plastiki maana yake ni matairi, mifuko au oili chafu. Huo si moshi wa kuni. Una kemikali ambazo baadhi zinajulikana kuleta saratani, na hapo sina maneno ya kupoza: hilo linapaswa kusimama mara moja, na ndilo lalamiko la kwanza la kupeleka.

Sasa harufu na kichwa chako. Maji ya kukamulia yakisimama kwenye shimo au mtaro, bakteria huanza kuyaozesha bila hewa, na hapo hutoka gesi ya haidrojeni salfaidi, ile ya yai viza. Pua ya binadamu huinusa ikiwa kidogo mno, chini sana ya kiasi cha kuumiza mapafu. Lakini harufu mbaya ya kila siku huleta kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula na usingizi wa mang'amung'amu. Maumivu hayo ni ya kweli, yanapitia neva na homoni za wasiwasi, na mtu asikwambie unajitungia. Kelele ya injini tangu alfajiri nayo hukata usingizi, na usingizi uliokatika huleta kichwa. Halafu kuna kaboni monoksaidi, gesi isiyonuka inayotoka kwenye mkaa na moto usiowaka vizuri. Jipime hivi: ukienda kulala siku mbili kwa ndugu, mbali na hapo, kichwa kinaacha? Kama kinaacha, hewa, kelele au jiko vina mkono wao. Kama hakiachi, tafuta kwingine, na kwa vyovyote kapimwe presha, wingi wa damu na malaria kabla hujahukumu kiwanda.

Onyo moja tu kuhusu gesi hiyo ya yai viza: hewani ni kero, ndani ya shimo lililofunikwa ni kifo. Mtu asishuke kuzibua shimo la maji ya mawese, hata kwa dakika moja, na mwambie hivyo baba watoto. Ikiwa nyingi, pua huacha kuinusa, na aliyeshuka kumwokoa mwenzake huanguka naye.

Maji yale meusi yanatisha kwa macho, na watu huyaita sumu. Kwa kawaida ndani yake hakuna kemikali iliyotiwa, ni mabaki ya tunda, mafuta na maji. Ubaya wake ni mwingine. Yamebeba uchafu wa kuoza mwingi kupita kiasi: maji mabichi ya viwanda vikubwa vya mawese, yakipimwa kiasi cha oksijeni yanachohitaji ili kuoza, hufika kama miligramu 25,000 kwa lita, karibu mara mia ya maji taka ya majumbani. Yakiingia kijito, bakteria wanaoyaozesha humaliza oksijeni, na samaki na wadudu wa majini hufa kwa kukosa hewa. Utando wa mafuta huzuia hewa mpya isiingie. Kwa hiyo anayepoteza kwanza ni Luiche na mazalia ya samaki pale mto unapokutana na ziwa, na baada yake ni mvuvi na mlaji. Kwa mtoto wako hatari ni kuchezea mtaro, mbu wanaozaliana pembeni yake, na kuungua maji yakitoka moto.

Kama mnatumia kisima, usikihukumu kwa rangi ya mtaro. Kisima kinaweza kuwa na maji maangavu na vijidudu vya choo tele, hasa choo kikiwa jirani na upande wa juu. Mkoa wetu unaijua kipindupindu. Chemsheni au tieni dawa maji ya kunywa hata kama kiwanda kingefungwa kesho.

Kuhusu kina mama wawili waliofariki, Mungu awarehemu. Naelewa kwa nini mtaa umeunganisha vifo hivyo na moshi. Vimekuja karibu karibu, na moshi uko pale kila asubuhi ukijionyesha. Lakini saratani si ugonjwa mmoja. Ya shingo ya kizazi karibu yote husababishwa na kirusi cha HPV, kinachoambukizwa kwa ngono, na mawese hayahusiki. Ya koo la chakula ni ya kawaida kuliko tungependa katika Afrika Mashariki yote, hata vijijini kusiko na kiwanda, na tumbaku, pombe na vinywaji vya moto sana vinatajwa miongoni mwa vichochezi vyake. Saratani pia huchukua miaka mingi kujitengeneza, mara nyingi zaidi ya kumi. Kiwanda kingekuwa chanzo, ningetarajia kuona aina moja ile ile ikijirudia kwa watu waliokaa hapo muda mrefu, hasa wafanyakazi. Hata hivyo sitasema moshi hauna hatia. Mwaka 2013 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani aliiweka hewa chafu kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani, hasa ya mapafu. Ninachosema ni kwamba vifo hivi viwili si ushahidi wake.

Nina sababu ya kulikazania hili. Mtaa ukiamini kansa ya kizazi imetoka kwenye moshi, hakuna mama atakayekwenda kupimwa, na hakuna atakayempeleka binti yake chanjo. Chanjo ya HPV ipo nchini tangu 2018, hutolewa bure kwa wasichana, na siku hizi ni dozi moja kwa wenye miaka 9 hadi 14. Kina mama wenzako wakapimwe shingo ya kizazi. Wakiacha, watazika mwingine huku wakinyoosha kidole mahali pasipo.

Wazee wako nao wana hoja nusu. Ni kweli mawese yamekamuliwa Kigoma vizazi na vizazi. Lakini mzee alichemsha pipa lake shambani, msimu kwa msimu, na moshi ukaenda kwa michikichi. Injini inayofanya kazi kila siku katikati ya nyumba zilizobanana ni jambo jingine. Na kuzoea kunakosemwa ni kwa pua. Pua huchoka kunusa ndani ya dakika chache, mapafu hayana mazoea hayo. Aliyekaa na moshi miaka 20 hajapata kinga, amevuta miaka 20. Kuna na jambo la mfukoni, nalo si aibu. Anayepata mshahara, anayeuza chai langoni, anayenunua makapi ya kuwashia, wote huona kero ile ile ikiwa ndogo, na asiyepata chochote huiona kubwa. Aliye nyumbani mchana kutwa na mtoto, yaani wewe, anavuta saa nyingi kuliko wanaume wanaotoka asubuhi kwenda mjini au ziwani. Ukisikika unalalamika zaidi, ni kwa sababu unapata zaidi.

Na baba watoto usimweke upande wa adui. Yeye yuko ndani ya moshi huo huo, karibu zaidi kuliko wewe, pamoja na joto, kelele na mafuta ya moto. Moto usiotoa moshi ni usalama wake wa kwanza. Mwombe avue nguo za kazi nje kabla ya kumbeba mtoto, na umsikilize: anajua kuni zinatoka wapi, bomba limetoboka wapi, na bosi anasikia lugha gani.

La kufanya sasa. Chukua daftari, na kwa wiki tatu au nne andika kila siku saa ya moshi, upepo umetoka wapi, rangi na harufu yake, kama ulipika ndani, na mtoto alikohoaje, mchana na usiku. Andika na siku ambazo mashine haikuwashwa, hizo ndizo zenye maana kuliko zote. Kama kikohozi kinapungua siku za kimya na kurudi siku za moto, una kitu cha kumwonyesha daktari na mwenyekiti wa mtaa. Kama hakibadiliki, umeokoa muda wako na utafute chanzo kingine.

Nenda kwanza kwa mwenye kiwanda, mkiwa majirani kadhaa, na msiende na neno "funga". Nendeni na mambo anayoyaweza: makapi yaanikwe yakauke kabla ya kuchomwa, bomba la moshi lipande juu ya mapaa, moto usiwashwe kabla ya jua, na maji yapite kwenye shimo la kunasia mafuta kisha mabwawa mawili matatu ya kuozea kabla hayajafika mtaroni. Mafuta yanayoenguliwa humo wapika sabuni huyanunua, na maji yaliyooza vizuri pamoja na makapi ni mbolea nzuri ya michikichi. Mwenye biashara akiona shilingi anazozimwaga, husikiliza.

Akikataa, andikeni barua kwa serikali ya mtaa, nakala kwa bwana afya na ofisa mazingira wa manispaa, na hatimaye NEMC, baraza la taifa la mazingira. Ulizeni kama kiwanda kina cheti cha tathmini ya athari kwa mazingira na masharti yake ni yapi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 4, inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Kabla hata ya sheria hiyo, wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, waliishtaki halmashauri ya jiji mwaka 1988 kwa sababu ya dampo lililowajazia moshi, harufu na inzi. Walishinda, na jiji lilipoomba kuongezewa muda, Jaji Lugakingira alikataa akitaja haki ya kuishi iliyo kwenye ibara ya 14 ya Katiba. Hawakuwa matajiri. Walikuwa wengi na walikuwa pamoja.

Kuhama? Kama nyumba ni ya kupanga, na mnaweza kupata chumba mita mia kadhaa mbali, upande usiopelekewa moshi, kwa mtoto mwenye kifua kibovu ningesema hameni bila kungoja kesi iishe. Kama nyumba ni yenu, nisingekimbilia kuuza. Mtauza kwa hasara, na mnunuzi ataleta mtoto mwingine pale pale. Kwa sasa mtoto alale chumba kilicho mbali na kiwanda, madirisha ya upande ule yafungwe alfajiri na kufunguliwa jua likipanda, sakafu ipigwe deki badala ya kufagiliwa kavu. Barakoa ya kitambaa haizuii chembe hizo laini, usipoteze pesa huko. Ukoka na miti ni vizuri kwa vumbi la njia, kwa moshi vinasaidia kidogo sana.

Kliniki usiiahirishe. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi kipimwe kifua kikuu, cha mtoto na cha mkubwa. Moshi hauleti kifua kikuu, huletwa na bakteria, lakini moshi huongeza uwezekano wa kukipata, na anayesema "ni moshi tu" huchelewa dawa. Kikohozi kinachokuja usiku na mluzi kifuani, kikitulia na kurudi, kinaweza kuwa pumu, na pumu ina dawa ya kuvuta inayobadilisha kabisa maisha ya mtoto. Zahanati ikishindwa, omba rufaa kwenda hospitali ya mkoa ya Maweni.

Jifunze kumhesabia pumzi akiwa ametulia, dakika nzima. Kwa umri wake, mara 40 au zaidi ni haraka mno, mpeleke siku hiyo hiyo. Na kama nyama za chini ya mbavu zinaingia ndani anapovuta hewa, midomo inageuka rangi, hawezi kunywa, analegea au anapata degedege, mpeleke saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane na nauli ni ya kukopa.